Filta ya tangi la samaki: ipi ununue kwanza ukitaka maji maangavu

Ukiingia duka la samaki wa mapambo, muuzaji atakuuliza kwanza tangi lako lina ukubwa gani. Swali zuri, ila ningelifanya la pili. La kwanza ni hili: maji yako yamechafuka kwa namna gani? Upo uchafu ambao filta haiuondoi, hata uinunue ya bei ghali kiasi gani.

Maji meupe mithili ya maji ya kuoshea mchele, kwenye tangi lililoanzishwa siku chache zilizopita, ni bakteria waliozaliana kwa wingi kwa kuwa tangi bado halijatulia. Hapo usinunue kitu. Punguza chakula, subiri, na mara nyingi yatajisafisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Maji ya kijani ni mwani mdogo mno unaoelea, nao hupenya sponji yoyote. Huletwa na mwanga mwingi, hasa tangi likiwekwa dirishani, na chakula kinachobaki kikaoza. Rangi ya manjano au kahawia hutoka kwenye magogo ya mapambo. Haina madhara kwa samaki, na mkaa maalumu wa kuchujia huifyonza kwa wiki tatu au nne kabla haujachoka. Vumbi, mabaki na chembe zinazoelea ndiyo kazi halisi ya filta, na ndiko pesa yako iende.

Kisha piga hesabu. Zidisha urefu, upana na kimo cha tangi kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, utapata lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 36 ni kama lita 65. Filta izungushe maji yote mara nne hadi sita kwa saa, yaani lita 260 hadi 390 kwa tangi hilo. Lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa filta ikiwa tupu, bila sponji wala pamba ndani, kwa hiyo chukua yenye lita 500. Anayefuga samaki wa dhahabu, au mbuna wa Ziwa Nyasa, aongeze zaidi. Samaki wa dhahabu wanachafua sana, na mbuna hufugwa wakiwa wengi makusudi ili ugomvi usimwelemee mmoja.

1. Filta ya kuning'inia

Hii hupachikwa ukingoni mwa tangi, huvuta maji kwa bomba na kuyarudisha yakimwagika kwa juu. Naiweka ya kwanza kwa sababu moja: kisanduku chake kiko wazi, unakijaza unavyotaka wewe. Toa katriji iliyokuja nayo, yaani kile kichujio cha kiwandani. Weka sponji ya matundu makubwa pale maji yanapoingilia, kisha pete za kauri kwa ajili ya bakteria wazuri wanaovunja uchafu wa samaki, na mwisho pamba. Ni hiyo pamba inayoyang'arisha maji. Si lazima iwe ya dukani. Pamba nyeupe ya poliesta inayojazwa kwenye mito hufanya kazi ileile, mradi haina rangi, manukato wala dawa. Ikigeuka kahawia, itupe, weka nyingine. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na katriji ambazo mtengenezaji anakutaka ubadilishe kila mwezi, na ukiitupa katriji unatupa pamoja nayo bakteria uliowakuza.

Kasoro yake ni umeme. Kwenye aina ambazo mota iko juu, ndani ya kisanduku, umeme ukikatika maji hushuka bombani, na ukirudi mota huzunguka ikiwa kavu, inanguruma na hatimaye inaungua. Kwa nyumba ambazo umeme hukatika mara kwa mara, tafuta ile ambayo mota yake iko chini kabisa, imezama majini. Hiyo huanza yenyewe bila mtu kuimiminia maji kwa kikombe. Usimwonee haya muuzaji. Mwambie aichomeke kwenye ndoo, aizime, aiwashe tena mbele yako.

2. Filta ya sponji na pampu ya hewa

Rahisi kuliko zote, na kwa tangi dogo, vifaranga wa samaki au gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, ningeinunua kabla ya ile ya kuning'inia. Hewa hupanda bombani, inavuta maji kupitia sponji. Hakuna mota majini, hakuna kifaranga atakayefyonzwa, na pampu ndogo hula wati 3 hadi 5 tu, yaani kama yuniti 2 hadi 4 za umeme kwa mwezi ikiwaka usiku na mchana. Maji yake hayang'ari kama ya filta yenye pamba, hilo nikubali mapema. Ila kinachonifanya niisifie ni kwamba umeme ukikatika, bakteria wa sponji wamo ndani ya tangi lenyewe, wanaendelea kupata hewa kidogo. Zipo pia pampu ndogo za hewa zinazochomekwa kwenye pawabenki, nazo zinafaa sana nyakati za mgao.

Nunua na vali ya kuzuia maji yasirudi. Ni kitu kidogo cha plastiki kinachowekwa katikati ya mpira wa hewa. Bila hiyo, pampu ikiwa chini ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi mpirani, yakaingia kwenye pampu na kumwagika hadi kwenye soketi.

3. Filta ya juu

Matangi mengi yanayoletwa kutoka China huja na trei ndefu juu ya kifuniko, na pampu ndogo inayopandisha maji. Watu huidharau kwa sababu ya sura. Mimi naipenda kwa samaki wa dhahabu: unafunua, unabadilisha pamba, unafunika, wala mkono haulowani. Jaza pamba trei nzima, si kile kipande chembamba kinachokuja nayo.

4. Filta ya mkebe

Mkebe uliofungwa, unakaa kabatini chini ya tangi, mipira miwili inapanda juu. Kwa tangi la lita 200 kwenda juu hakuna inayoishinda: ina nafasi kubwa ya vichujio na haina kelele. Eheim ya Ujerumani hudumu miaka mingi na vipuri vyake vinapatikana kwa kuagiza. SunSun ya China ni nafuu zaidi, na baadhi ya modeli zina taa ya UV (mwanga wa urujuanimno) ndani.

Mbona basi iko ya nne? Kwa sababu wengi wanaoinunua wana tangi la lita 80, na kwa sababu ya umeme tena. Mkebe umefungwa. Maji yakisimama humo saa kadhaa, hewa inaisha, bakteria wanakufa, na umeme ukirudi uchafu wote ule unasukumwa kwa samaki. Ukiwa nayo, na umeme umekatika muda mrefu, izime swichi kabla haujarudi, ifungue, mwaga maji, suuza vichujio, ndipo uwashe. Wengine huiacha mwaka mzima bila kuifungua kwa kuwa haionekani, kisha wanashangaa maji kuwa na ukungu.

5. Filta ya ndani

Ile inayobandikwa kwenye kioo kwa vinyonyo. Ni nafuu na huanza yenyewe umeme ukirudi. Sponji yake ni ndogo, huziba upesi, na ukiitoa kuisafisha nusu ya uchafu hurudi majini. Kwa tangi la lita 40 inatosha. Sobo, Resun na Boyu zote zinatengeneza, na tofauti zao kwa ukubwa huu ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

6. Filta ya chini ya changarawe

Usinunue. Uchafu unavutwa chini na kubaki humo humo, na kuisafisha vizuri ni kulibomoa tangi zima.

Na taa ya UV?

Siihesabu kama filta. Huua mwani unaoelea, kwa hiyo kwa maji ya kijani inafanya kazi kweli, mara nyingi ndani ya wiki. Kwa vumbi au rangi ya gogo haifanyi chochote. Balbu yake hupoteza nguvu baada ya miezi 9 hadi 12 ingawa bado inawaka, na usiitazame kwa macho makavu ikiwa imewashwa. Kabla ya kuilipia, jaribu kulisogeza tangi mbali na dirisha na kupunguza saa za taa ziwe sita au saba.

Kuosha

Sponji na pete za kauri zisuuzwe kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba, kwani klorini huua bakteria wale wale unaowategemea. Usizioshe zote siku moja. Pamba peke yake ndiyo ya kutupwa.

Ukinunua iliyotumika

Filta ya mkebe iliyotumika inaweza kuwa bei nzuri sana, ila ifungue hapo hapo. Angalia mpira wa kuziba mfuniko: ukiwa mgumu au umepasuka, itavuja. Toa panka ya mota na utazame kijiti chake cha kauri, maana kikivunjika kelele haziishi, na kwa modeli ya zamani huenda usikipate tena. Iwashe kwenye ndoo dakika kumi, pitisha kitambaa kikavu kuzunguka mfuniko na kwenye maungio ya mipira. Kikilowa, omba bei ipungue kwa gharama ya mpira mpya, au uiache.