Amplifaya ya Valvu Isiyo na Jina: Tathmini ya Kazi ya Karakana Moja ya Ngamiani

Amplifaya ninayoizungumzia ilikuwa mali ya marehemu mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikodisha vipaza sauti kwa ajili ya harusi na mikutano mjini Tanga. Ni sanduku la chuma la rangi ya kijivu, zito kiasi kwamba hubebwa kwa mikono miwili, na kibati cha jina kilichokuwa nyuma yake kiling'oka zamani yakabaki matundu manne tu. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliichomeka kwenye umeme kabla hajafungua hata skrubu moja, moshi ukatoka, naye akanishauri niiuze kama chuma chakavu. Tathmini hii inahusu karakana ya pili, iliyoko Ngamiani, mtaa wa mjini humo, ambayo iliipokea, ikaitambua ni kitu gani, kisha ikaigeuza kuwa amplifaya ya gitaa.

Mzee mwenye karakana hiyo alianza kwa kuutoa waya wa umeme mezani. "Mwanangu, hii isiguswe na umeme mpaka tujue ni nani," alisema, kana kwamba tumemletea mgeni asiye na kitambulisho. Aliifungua, akaishika rezista (kipuri kinachozuia mkondo) kwa koleo lenye mpini wa plastiki na kuzigusisha ncha zake kwenye kapasita kubwa (vipuri vinavyohifadhi chaji), kisha akahakikisha kwa mita kwamba hazina chaji tena. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana katika chombo cha aina hii kapasita zinaweza kushikilia zaidi ya volti 400 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Utambuzi wenyewe ndio uliostahili fedha yangu kuliko kazi nyingine yoyote. Valvu mbili ndogo, yaani mirija ya kioo ya kukuza sauti, zilisomeka bila shida kuwa ni za aina ya ECC83, na ile ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC ilikuwa GZ34, lakini valvu mbili kubwa hazikuwa na maandishi, na kosa hilo lilikuwa langu mwenyewe: nilizifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuzileta, na maandishi ya kioo cha zamani hufutika kwa urahisi huo. Mzee hakunilaumu. Aliigeuza moja kwenye mwanga wa dirisha na kunionyesha, chini kabisa ya kioo karibu na kitako, alama ndogo za kijivu zilizochorwa ndani ya kioo chenyewe: Xf2, na chini yake B5H3. Xf ni alama ya valvu aina ya EL34 na 2 ni toleo lake. B ni kiwanda cha Mullard kilichokuwa Blackburn, Uingereza. 5 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, H ni mwezi wa nane, na 3 ni wiki ya tatu. Tarakimu moja haitoshi kutofautisha 1955 na 1965, ila toleo la pili linaelekea zaidi miaka ya 60, kwa hiyo tulikubaliana kuwa ni Agosti 1965.

Alinieleza pia kwamba majina ya valvu za Ulaya yana mpangilio wake. E ya mwanzo humaanisha kwamba uzi wa kupasha moto unatumia volti 6.3, na G humaanisha volti 5. C ni traiodi (valvu yenye elektrodi tatu), na mbili zikiwa ndani ya kioo kimoja herufi hurudiwa. L ni pentodi (yenye elektrodi tano) ya kutoa nguvu. Z ni ya kugeuza umeme. Namba inayoanza na 8 huwa na kitako kidogo cha pini tisa, na inayoanza na 3 huwa na kitako kipana cha pini nane. Ukiyajua hayo, unasoma mpangilio wa amplifaya kwa macho tu kabla ya kutafuta mchoro wowote.

Swali lililobaki lilikuwa transfoma ya spika, ile inayounganisha valvu kubwa na spika. Amplifaya za mikutano zilitengenezwa kusukuma spika nyingi kwenye waya mrefu kwa volti 100, na anayefunga spika ya omu 8 kwenye tundu hilo anaidhulumu valvu, kwa sababu kwa wati 30 tundu la volti 100 linatarajia mzigo wa omu 333 hivi. Matundu mengine yalikuwapo lakini maandishi yalikuwa yamekwisha. Mzee alizitoa valvu zote, akaingiza volti 6.3 kutoka transfoma ndogo ya pembeni kwenye jozi mojawapo ya matundu, akapima upande wa valvu akapata volti 130. Uwiano huo ni kama 20.6, ukiuzidisha kwa wenyewe na kisha kwa omu 8 za spika unapata karibu omu 3,400, kiasi kinachoziafiki EL34 mbili. Alibandika karatasi pale na kuandika "8" kwa kalamu ya wino.

Katika vipuri, alibadilisha kapasita zote za elektroliti na zile za karatasi zinazopitisha sauti kutoka valvu moja hadi nyingine, kwani hizo zikivuja, valvu kubwa hupitisha mkondo kupita kiasi na bamba lake la ndani huwa jekundu. Waya wa umeme wa nyuzi mbili uliondolewa, ukawekwa wa nyuzi tatu wenye kufunga chasisi (sanduku la chuma) kwenye ardhi. Kichagua volti kilihamishwa kutoka 220 hadi 240, maana kwenye 220 uzi wa valvu ulikuwa ukipata volti 6.9, na hiyo hufupisha maisha yake. Mara ya kwanza kuiwasha aliipitisha kwenye balbu ya kizamani ya wati 100. Balbu ilitoa mwanga mkali kidogo, ikafifia, ishara kwamba hakuna shoti, nasi sote wawili tukapumua. Mkondo wa valvu kubwa ulikuwa miliampea 38 na 41 kwa volti 430, yaani chini ya wati 18 kila moja, ilhali kikomo chake ni 25.

Mimi nilitaka kuitumia kusikilizia santuri, na hapo ndipo mzee alinikatalia waziwazi. Kwa maelezo yake, transfoma ya mikutano hujengwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na besi ya chini huipoteza. Gitaa halina tatizo hilo sana, kwa kuwa uzi wake mnene kabisa uko kwenye hezi 82. Tundu moja la maikrofoni lilibadilishwa kuwa la robo inchi, pamoja na rezista ya megaomu 1 kwenda chasisi na ya kiloomu 68 kuelekea valvu ya kwanza. Nimekwisha ipiga kwa spika ya inchi 12, na sauti yake ina joto na ukali wa kupendeza unapoongeza nguvu. Kwa gitaa la taarabu ya Tanga nisingetamani nyingine.

Malalamiko ninayo. Niliahidiwa wiki mbili, nikasubiri wiki saba, na kila nilipopiga simu niliambiwa "kesho kutwa". Malipo ya Sh 280,000 ni ya haki kwa kazi hiyo, lakini sikupewa risiti wala orodha ya vipuri, na wiring mpya ya tundu la gitaa haikuchorwa popote kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye. Mvumo mdogo bado unasikika chumba kikiwa kimya.

Vilevile ECC83 ya kwanza ililia kama kengele nilipoigonga kwa penseli, mlio ukatoka kwenye spika. Nilirudi nayo, mzee aliibadilishana nafasi na ile ya pili, ambako sauti haikuzwi sana, akanionya kwa mara ya tatu nisiiwashe amplifaya kamwe bila spika, na hakutoza kitu.