Papa potwe nimemwona Mafia, ila boti ile sipandi tena

Nianze na lililonikera, mengine yatafuata. Mwongozaji wa boti tuliyopanda Kilindoni, kisiwani Mafia, alimdaka papa potwe pezi la mgongoni akaning'inia hapo avutwe, ili mwenzake ampige picha. Ni yeye yule aliyetusomea masharti ufukweni asubuhi: usimguse, kaa mita 3 kutoka ubavuni na 4 kutoka mkiani, usimzibie njia, usitumie mwanga wa kamera. Aliyataja yote bila kukosea hata moja. Jua halijapanda vizuri, keshayavunja.

Nimeona watu wakisifia safari hizi kana kwamba kila boti ni sawa. Si sawa.

Tulitoka mapema, bahari imelala kama inavyokuwa siku nzuri za kaskazi. Wavuvi wa dagaa walikuwa bado majini na nyavu zao, na karibu nao ndiko potwe hutafutwa, maana samaki mkubwa kuliko wote duniani chakula chake ni uduvi na vijidudu vya baharini visivyojaa hata ukucha. Nahodha wetu, mzee wa makamo, hakumkimbilia yeyote. Alimwona kwa mbali, akazima mashine, akaiacha boti iserereke yenyewe. Tukateremka majini kimya kimya.

Na hapa lazima niwe mkweli: sijawahi kuona kitu cha namna ile. Alikuja kinywa wazi, kipana kiasi cha kumeza meza, maji yakiingia mbele na kutokea kwenye matamvua, na madoa meupe yametapakaa mgongo mzima. Alinipita taratibu, jicho lake dogo likanitazama, akaendelea kula. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia. Dakika zile peke yake ningezipa nyota zote.

Kisha ikatokea boti nyingine upande wa pili.

Kijana mwongozaji akapanda juu ya benchi: "Washa mzee, washa, wanatuwahi!" Mzee akamjibu kwa upole, "Samaki anakula yule, mwache." Kijana akapandisha sauti, tena kwa maneno ambayo huku kwetu mtu hamwambii mzee rika la baba yake, sembuse mbele ya wageni. Mzee akanyamaza, akawasha. Tukamkatiza potwe mbele, akazama. Tukamfuata mwingine, naye akazama. Boti mbili zinakimbizana, mashine zinanguruma, rafadha zinakata maji yale yale ambamo mnyama anaogelea karibu kabisa na uso wa bahari kwa sababu chakula chake ndipo kilipo. Yule wa tatu alikuwa mdogo kidogo, hakuwahi kuzama. Ndiye aliyeshikwa.

Nilimwambia, "Kaka, si ulisema asiguswe?" Akanijibu hata hajapanda ngazi: "Dada, umekuja kutazama samaki au kutusimamia kazi? Wageni wamelipa, wanataka picha."

Wageni gani? Mama mmoja wa kigeni tuliyekuwa naye alikuwa ameshafunga kamera yake mfukoni na akakataa kuingia tena majini. Mumewe alikuwa akitikisa kichwa. Hakuna aliyeomba picha ile. Na mimi pia nimelipa, kwa shilingi, na kwa jinsi alivyonikata jicho nilielewa kwamba katika hesabu yake ya wageni mimi simo. Hilo limeniuma, sitalificha. Lakini si ndilo kubwa.

Kubwa ni kwamba potwe wa Mafia si wapita njia. Huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, watu wakadhani baada ya hapo wamehama. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti walikuta kwamba wengi hawaendi popote. Husogea tu kwenye maji ya mbali na yenye kina zaidi. Madoa yao hayafanani, kila mmoja ana mchoro wake, kwa hiyo hutambuliwa kwa picha, na mmoja anaweza kuonekana tena msimu baada ya msimu. Wengi wao ni madume ambao hawajapevuka. Maana yake yule tuliyemkimbiza sisi ndiye atakayekimbizwa kesho, na kesho kutwa, na msimu ujao, mpaka ajifunze kwamba mlio wa mashine ni wa kukimbiwa. Tangu 2016 yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kugongwa na vyombo ni mojawapo ya mambo yanayomuumiza. Mwongozaji asiyejua haya afundishwe. Huyu anajua, katuhutubia mwenyewe.

Mchana tulishushwa kwenye fungu la mchanga. Chakula kizuri, samaki wa kupaka na wali, na pomboo walipita kwa mbali bila mtu kuwasumbua. Sina la kulalamika hapo.

Ila hapo ndipo hukumu yangu ilipotikisika. Nilikuwa nimeshaamua kuandika nyota moja na kuwaambia watu wasikanyage. Mzee nahodha akaja kukaa karibu nami, nikamwamkia, akasema, "Mwanangu, usituone wabaya. Yule ndiye anayejua lugha, ofisini wanamsikiliza yeye." Akanisimulia kwamba katika uvuvi wake, potwe akiingia wavuni walikuwa wanauteremsha upande mmoja atoke, hata kama dagaa wote wanatoka naye. Mtu wa hivyo ndiye wa kutuongoza, na kumbe kwenye boti ile yeye ni wa kuamrishwa. Kwa ajili yake nilipandisha nyota zikawa tatu.

Nimeshazishusha. Niliporudi nilipiga simu ofisini kwao nikaeleza kila kitu, bila matusi. Aliyepokea akaniuliza, "Lakini samaki si mlimwona?" Nikasema ndiyo. "Sasa tatizo liko wapi, mama?" Akanitakia siku njema.

Basi zimebaki mbili, zote za mzee. Kwa anayetaka kwenda: nendeni Mafia, jamani, msiache kwa sababu yangu. Lakini kabla hujatoa hela uliza nani mwenye kauli kwenye boti, nahodha au mwongozaji. Uliza mashine inazimwa umbali gani, na boti nyingine ikishakuwepo wanafanya nini. Wakisema "tutaangalia huko huko", tafuta wengine. Pale Kilindoni wapo wanaosubiri zamu yao kwa heshima, boti ile ya pili mwishowe ilisimama mbali ikatuacha, nami niliwaonea wivu waliokuwa ndani yake. Mimi sidai kurudishiwa hela. Nataka kijana yule atolewe kwenye boti mpaka amwombe mzee radhi.