Dawa ya kupaka tanuri: nusu nyota, au tatu, sijui

Mikono bado inaniwasha ninapoandika haya, kwa hiyo mnisamehe.

Nasubu sufuria za alumini Buguruni. Tanuri langu ni pipa, ndani nimezungushia blanketi la nyuzi za kauri, lile jeupe kama pamba, na nachomea oili chafu. Blanketi sina ugomvi nalo. Ila likishaungua muda mrefu linakuwa vumbivumbi, upepo wa feni unachomoa nyuzi, na nyuzi zile si za kuvuta puani. Ndiyo nikaenda duka moja Gerezani kutafuta dawa ya kulipaka ligande.

Kijana wa pale ana maneno! "Mzee wangu, hii ni teknolojia ya injini za ndege." Akanishika hapo hapo, maana kitu hicho kipo kweli. Tangu 2016 injini za LEAP zinaruka na vipande vya kauri iliyotiwa nyuzi za silikoni kabaidi, na kila uzi umevikwa ngozi nyembamba mno ya boroni naitraidi. Ngozi ile inafanya uzi usigandane mno na kauri: ufa ukija unapinda, unaambaa na uzi badala ya kuukata, na kipande hakivunjiki kama kigae. Inavikwa kwa gesi, ndani ya tanuri maalumu. Mimi nikauziwa kopo na brashi. Na nikalipa, kwa mkono wangu mwenyewe.

Moto wa pili tu nafunua kifuniko, dawa imebanduka magamba magamba, mengine yamo kwenye chungu pamoja na alumini. Sufuria saba zikatoka na vitobo. Mteja wa Temeke ndiye aliyeniinulia moja juani, akaniambia fundi, chungulia.

Nikarudi dukani na gamba moja nimelifunga kwenye gazeti. Kijana yule yule, macho kwenye simu: "Mzee, kwani wewe unarusha ndege?" Wateja wakacheka. Umri wangu huu! Nusu nyota, na hiyo nusu ni ya kopo.

Sasa, mama aliyekuwa akihesabu pesa kaunta akaniita pembeni. "Baba, uliiacha ikauke siku ngapi?" Nikanyamaza. Nilipaka jioni, nikawasha asubuhi, tena masika hii. Dawa ina maji, na moto mkali ukiyakuta humo yanakuwa mvuke unaoibandua. Akanipa kopo jingine kwa nusu bei, akasema niikaushe siku tatu, kisha nianze na mkaa kidogo kabla ya oili. Wiki ya tatu hii, au ya nne, halijabanduka hata gamba moja.

Kwa hiyo dawa ni nzuri. Inaniudhi kusema hivyo. Lakini maelekezo ya kopo ni Kichina kitupu, na kijana hakutamka "kausha" hata mara moja, alikuwa huko angani. Nyota nne. Hapana, tatu, sufuria saba nani atanilipa?

Ukienda, nenda asubuhi. Mama anakuwepo asubuhi.