Programu imesema masaa 14, mama yangu kakaa njiani 27

Naanza na nyota moja, na hiyo moja nimeilazimisha. Hizi programu za simu unaandika uwanja wa ndege wa kwanza na wa pili zinakupa umbali na muda, mimi nilikuwa naziamini kabisa. Mwaka huu nampeleka mama New York kwa mdogo wangu aliyejifungua, nikaandika Dar es Salaam na JFK, uwanja wa ndege wa New York, ikaja kilomita kama 12,400, muda masaa 14. Nikamwambia mama, masaa 14 tu, hayafiki hata basi la Mwanza, akacheka akakubali.

Sasa jamani, Dar kwenda Marekani hakuna ndege ya moja kwa moja. Hakuna! Ile programu imechora mstari kutoka kwetu, ukakatiza Kongo, Sahara, bahari ya Atlantiki mpaka New York, ikagawanya kwa mwendo wa ndege basi imemaliza, haina hata neno moja la kukwambia hiyo safari haipo. Sisi tumepitia Doha, kule Qatar, yaani Marekani iko magharibi sisi tunaenda kwanza kaskazini mashariki karibu masaa sita, tukakaa pale zaidi ya saba, halafu 14 mengine, na hayo 14 ndiyo yaliyoniuma maana kutoka Doha peke yake ndiyo muda niliomuahidi mama kwa safari nzima.

Kosa langu nililia nalo, nilipanga vidonge vyake vya presha na sukari kwa masaa 14, vingine nikaviweka kwenye begi kubwa lililoenda chini ya ndege. Tumeshuka Doha mama ananiuliza, "Tumefika mwanangu?" Miguu imevimba, viatu haviingii. Nikamwambia bado mama. Akanyamaza, hakuniuliza tena mpaka JFK.

Niliporudi nikawaandikia wenye programu, wakanijibu mstari mmoja, kwamba hesabu yao ni sahihi. Hata pole hakuna.

Haya, kwa haki, kilomita ni sahihi, nimezikagua kwingine zimelingana. Na Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja mpaka New York tangu 2018, masaa kama 15, kwa hiyo mtu wa Nairobi itamfaa, ningejua ningempitisha mama huko. Nilitaka kuwapa nyota tatu hapa. Lakini nikikumbuka ile miguu, hapana, ibaki moja, maana anayetafuta muda wa safari hatafuti mstari kwenye ramani, anataka kujua mgonjwa wake atakaa njiani muda gani.

Mama anarudi mwezi ujao. Jana nimeifungua tena nione kama wamerekebisha, masaa 14 yako pale pale. Nimeshampigia mdogo wangu, dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, za siku tatu.