Tela dogo la kukokota: lipi la kununua ukiwa Mtwara au Lindi

Mwenye pikapu huku kusini huzidiwa na mzigo kabla hajapata pesa ya Fuso. Korosho zinasubiri kupelekwa ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), saruji iko dukani, boti ya faiba inatakiwa kushushwa majini Mikindani. Tela dogo linamaliza kazi hizo zote, mradi limeundwa sawasawa. Wanunuzi wengi hutazama bodi na rangi kwanza. Mimi nasema ulale chali uanze na chini, maana bodi mbovu hurekebishwa kwa mchana mmoja, ekseli mbovu inakulaza porini.

Kabla ya kuchagua, pima mzigo wako kwa kilo. Gunia la korosho ghafi lina kama kilo 80, kwa hiyo magunia kumi ni kilo 800. Mifuko 20 ya saruji ni tani moja, na tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja pia. Mchanga ndio unaodanganya watu: bodi ya mita 2.4 kwa 1.2 yenye kingo za sentimita 40, ukiijaza mchanga mkavu inakaribia tani moja na robo tatu. Hapo hujahesabu uzito wa tela lenyewe, nao gari lako linauvuta. Kitabu cha gari husema linaruhusiwa kuvuta kiasi gani; kikisema lisivute, hakuna tela zuri la kulifaa gari hilo.

Chaguo langu la kwanza, na wala silionei haya, ni tela la ekseli moja linalotengenezwa na fundi wa hapa hapa, kwa masharti. Ekseli na habu (vitovu vya magurudumu) zitoke kwenye gari ambalo beringi zake zinapatikana kila duka la spea kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea. Bora zaidi ziwe za aina ya gari lako mwenyewe, rimu na tundu za nati zikafanana, tairi moja la akiba likatumika kwa vyote viwili. Springi ziwe za majani (vyuma bapa vilivyopangwa tabaka) na zifungwe kwa yubolti (bolti za umbo la U), zisichomelewe kwenye ekseli. Mkono wa kuvutia uwe wa vyuma viwili vinavyokutana mbele kama herufi A, na vyuma hivyo vipite chini ya fremu mpaka karibu na ekseli. Mkono wa bomba moja lililobandikwa kwenye ukingo wa mbele hupasuka pale pale lilipobandikwa, tena siku ya mzigo. Usiukubali pia mkono mfupi mno: ukirudi nyuma tela linakunja kabla hujageuza usukani vizuri.

Faida nyingine ya fundi ni kwamba unamsimamia. Mpe vipimo vya mita 2.4 kwa 1.2, bati moja zima litoshe sakafu bila kiungo katikati. Nenda ukalione kabla halijapakwa rangi, kwa sababu rangi huficha uchomeleaji wenye matundu. Chukua futi kamba, pima kutoka kichwa cha kuunganishia hadi ncha ya ekseli ya kulia, kisha ya kushoto. Vipimo visipolingana, tela litakwenda upande na kula matairi, hata fundi akiapa vipi. Inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe usikilize, halafu lishike juu na chini ulitikise.

Kwa anayeishi karibu na bahari nina sharti la ziada. Fremu iwe ya chaneli, chuma cha umbo la U kilicho wazi upande mmoja. Bomba la mraba linapendeza, lakini maji ya chumvi yakishaingia ndani huoni kutu mpaka chuma kitoboke. Kama fundi hana ila bomba, azibe ncha zote.

La pili kwenye orodha yangu ni tela lililotumika kutoka nje. Mengi yamechovywa zinki, na kwa boti au mashamba ya chumvi hakuna rangi inayofikia hapo. Mbona basi silipi namba moja? Magurudumu. Matela madogo ya Ulaya mara nyingi huja na rimu za inchi 10 au 13, yaliyozoea lami. Lipeleke kwenye mchanga wa Msimbati uone litakavyozama. Mengine hayana springi, yana mpira ndani ya ekseli. Mpira huo ukizeeka haukarabatiwi, unabadilisha ekseli nzima. Angalia pia kichwa: kuna cha milimita 50 na cha inchi 2. Tofauti haifiki hata milimita moja, lakini kichwa cha inchi 2 juu ya tufe la chuma la milimita 50 nyuma ya gari hucheza, na kwenye makorongo kinaweza kuchomoka. Ukilitumia kwa boti, acha habu zipoe kabla ya kuzitumbukiza baharini. Zikiwa moto hufyonza maji ya chumvi, na beringi haziishi.

La tatu ni la ekseli mbili. Linatulia barabarani na pancha moja haikuangushi, ila ni zito, lina matairi manne ya kununua, na kwenye kona kali matairi hujikokota pembeni. Linamfaa mwenye kubeba zaidi ya tani moja kila wiki, na lazima liwe na breki zake. Ukishuka Newala kuelekea Masasi na tani nyuma yako isiyo na breki, gari ndilo linalosukumwa.

Tela la powatila (trekta dogo la kusukuma kwa mikono) nimeliweka la nne kwa sababu moja tu: shambani ni zuri, lakini halikuundwa kwa mwendo wa gari. Yale ya ekseli iliyochomelewa moja kwa moja kwenye fremu, bila springi yoyote, siyapi hata namba. Bei yake inavutia, na kila shimo linakwenda moja kwa moja kwenye viungo vya fremu.

Ukishanunua, pakia mzigo uelemee mbele kidogo, kiasi kwamba kichwa kibebe kama asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote. Mzigo ukielemea nyuma, tela hutikisa mkia ukiongeza mwendo. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono. Taa za breki, indiketa na reflekta ziwepo tangu siku ya kwanza, kwani askari wa barabarani ataanzia huko. Halafu atauliza namba: tela husajiliwa TRA (Mamlaka ya Mapato) kama gari, kwa hiyo dai risiti ya fundi, au nyaraka za forodha kama limetoka nje, kabla hujatoa pesa ya mwisho.