TAHADHARI: Muuzaji wa vitu vya kuchezea watoto, Lamu

Kama umetumiwa zile picha za "stoki mpya ya Idi, bei ya kutupa", usitume pesa kabla hujasoma hapa. Muuzaji huzunguka kwenye magrupu ya wazazi, na jioni nyingine utamkuta amepanga meza karibu na Mkunguni. Jina simtaji. Mbinu zake ndizo nitakazozieleza.

Wifi yangu alimnunulia mwanawe wa miaka miwili simu ya kuchezea, ile ya kuimba na kuwaka taa. Boksi lilikuwa na stika nyeupe imeandikwa "Miaka 2+". Pembe ya stika ilikuwa imeinuka kidogo, nikaibandua kwa ukucha. Chini yake nikaona duara jekundu lenye mstari, uso wa mtoto na 0-3. Alama hiyo maana yake ni kwamba hakifai kwa mtoto ambaye hajafika miaka mitatu. Kiwanda kilishasema; huyu bwana kaziba.

Tukaigeuza simu yenyewe. Kifuniko cha betri hakina skrubu, ukikisukuma kwa kidole gumba kinafunguka, na ndani zimo betri tatu za duara kama za saa. Hapo ndipo nilipoghadhibika. Betri ya aina hiyo ikikwama kooni, mate huifanya ipitishe umeme na kuunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yaweza kutokea ndani ya saa mbili. Hata ile iliyochoka, isiyowasha taa tena, huunguza. Aliye Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, na apige hesabu ya boti hadi hospitali mwenyewe.

Wifi alipompigia muuzaji, kwanza alijibu, "Dada, hiyo stika ni ya kampuni." Kisha, "Mtoto akiangaliwa hakuna neno." Kisha akambloku.

Pesa nazo anataka zitangulie, kwa namba ya kawaida badala ya tili (namba ya malipo ya biashara), na jina linalotokea kwenye M-Pesa si lile anajiitia. Ukimwambia utalipa ukishafungua boksi, ghafla "vimeisha". (Bei yake ni nafuu, sikatai. Ndiyo maana tunanaswa, hasa watoto wakishapata mkono wa Idi, zile pesa za sikukuu, na kutuburura sokoni.)

Kwenye picha zake kuna vitu viwili vingine vya kuviogopa. Kimoja ni vigololi vya sumaku: mtoto akimeza viwili, huvutana ndani ya tumbo na kubana utumbo hadi kuutoboa. Kingine ni shanga za rangi zinazovimba zikitiwa majini. Zikimezwa huvimba tumboni na kuziba njia. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, hivyo visiingie hata kama ni vya kaka yake mkubwa.

Mnunuaji, fungua boksi mbele ya muuzaji. Tazama skrubu ya betri, vuta macho na magurudumu uone kama yanang'oka. Kinachopenya kwenye kile kigogo cha kadibodi cha ndani ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Bidhaa za nje huwa na stika ya ISM, alama ya bidhaa zilizoingizwa nchini, ya KEBS (shirika la viwango la Kenya). Yake sikuiona popote.

Mtoto akishameza betri, msimtapishe wala msingoje haja kubwa. Mkimbizeni hospitali na mseme wazi kwamba ni betri, apigwe eksirei upesi. Aliyezidi mwaka mmoja na anayeweza kumeza, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi mkiwa njiani, isizidi mara sita. Chini ya mwaka, asali hapana.

Waliokwisha kununua, toeni betri leo, zizungusheni selotepu kabla ya kuzitupa. Malalamiko ya bidhaa KEBS hupokea kwa simu 1545, bila malipo. Mwenye picha ya boksi lenye stika iliyobandikwa juu, au namba nyingine anayotumia, aniletee inbox tuyapeleke pamoja.