Darasa la riwaya Mji Mkongwe: tathmini ya mafunzo kuhusu msimulizi

Kwa wanaouliza kama darasa la usomaji wa riwaya linalofanyika baada ya sala ya alasiri katika nyumba moja upande wa Malindi linastahili ada yake, jawabu langu ni kwamba linastahili, na sababu kubwa ni namna Maalim anavyolifundisha suala la msimulizi. Katika skuli nyingi mada hii humalizwa kwa mistari miwili: nafsi ya kwanza ni "mimi", nafsi ya tatu ni "yeye", kisha mwanafunzi hutoa mfano na kupewa alama zake. Hapa swali linalorudiwa ni jingine: huyu anayetuhadithia ameyajuaje haya?

Mfano uliokaliwa muda mrefu zaidi ni riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kama kitabu mwaka 1883, na ambayo kwa Kiswahili ilifasiriwa kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Msimulizi ni kijana Jim Hawkins, naye anaijua njama ya mabaharia kwa sababu tu alikuwa ndani ya pipa la matofaa wakati John Silver alipokaa karibu na kuanza kuzungumza. Maalim aliusoma ukurasa huo kwa sauti, akatutaka tutenganishe anayoyasikia Jim na anayoyaona, na ndipo ilipodhihirika kwamba hofu yote ya sura ile inaingia kwa njia ya sikio. Baadaye, katika sura ya 16 hadi ya 18, usimulizi unahamia kwa Daktari Livesey, kwa kuwa Jim yuko kisiwani na hawezi kushuhudia namna wenzake walivyoiacha meli. Nimewahi kuisoma riwaya hii bila ya kuyatilia maanani mabadiliko hayo, na nadhani wasomaji wengi hupita hivyo hivyo.

Mjadala ulionoga kuliko yote ulihusu Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978). Mwalimu mmoja kutoka Pemba aliuliza, "Maalim, ingekuwaje kama Kijakazi mwenyewe ndiye angesimulia?" Maalim alimjibu kwamba Kijakazi anamtumikia bwana wake kwa moyo wake wote bila ya kuiona dhulma anayofanyiwa, kwa hiyo simulizi yake ingekuwa ya mapenzi na utiifu, msimulizi wa nafsi ya tatu ndiye anayetuwezesha kuyaona ambayo yeye bado hayaoni. Kwa jibu hilo peke yake nimeridhika na ada niliyolipa.

Zipo kasoro. Nakala za kurasa tunazopewa zimefifia hadi baadhi ya mistari haisomeki. Wuthering Heights ya Emily Brontë (1847), ambamo Lockwood anaandika aliyohadithiwa na mtumishi Nelly Dean, ilipitiwa haraka mno, na hali usimulizi ndani ya usimulizi ndio unaowatatiza zaidi wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Kubwa zaidi, waandishi wa Zanzibar wametengewa kipindi kimoja tu, mwishoni. Kuli pekee, riwaya nyengine ya Shafi Adam Shafi inayomfuata Rashidi bandarini hadi mgomo wa 1948, ingetosha kwa vipindi viwili, na ningependa awamu ijayo ianze nayo.